Mnyapara Aliyeichoka Hewala

Nikiulizwa leo ni kitu gani ninachokikosa zaidi kazini, sitasema mshahara mnono, maana huo sijawahi kuuonja nikaijua ladha yake. Ninamkosa mtu wa kuniambia kwamba nimekosea. Tangu nikalie kiti cha mkubwa wa karakana yetu ya uchapaji hapa Mji wa Kale, vijana wangu wananiitikia "sawa, madam" tangu asubuhi hadi tunapofunga mlango, na kila nikiisikia hiyo sawa namkumbuka aliyekikalia kiti hiki kabla yangu. Yeye alikutafuta kukosolewa kama watu wengine wanavyotafuta cheo. Alikutafuta akakupata, kukamuuma, na bado hakukuacha. Nataka kujua aliwezaje. Nina hamu naye mpaka naona haya kusema.

Tulimwita Mnyapara. Jina hilo hakulichagua, alilikuta kwenye kiti. Karakana yetu ni ya zamani, na mkubwa wa mafundi pale aliitwa hivyo tangu enzi ambazo mnyapara alitembea na bakora. Yeye bakora hakuwa nayo. Alikuwa na rula ndefu ya chuma ya kupimia karatasi, na kwa kuwa aliishika nyuma ya mgongo akipita, kwa mbali ungedhani ndiyo bakora yenyewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo hadi shingoni hata katika joto la kaskazi. Sisi wote tulikuwa watu wa makubadhi na ndara. Yeye alikuja na viatu vyeusi vya kamba, na akikanyaga sakafu yetu ya saruji tulijua yuko wapi bila ya kugeuka.

Alikuwa mtu wa bara, Mkristo asiyekosa kanisani, na nyumba yake ilikuwa Ganjoni. Tajiri wetu, mwenye karakana, alimleta kutoka kwenye kiwanda kingine cha chapa huko mjini baada ya mnyapara wa zamani kufariki. Kazi aliijua. Lakini kilichomtambulisha kwetu si kazi, ni Kiswahili chake. Aliipenda lugha hii kwa wivu, kama mtu aliyeoa mke mzuri kutoka mtaa wa mbali. Aliwasahihisha wauza kahawa. Alitamka "ghali" na "khabari" kwa koo lote, mpaka watoto wa hapa waliozaliwa nazo sauti hizo wakawa wanamcheka pembeni. Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomshinda: zile "t" mbili ambazo wazee wa Mombasa huzitenga, moja ya kwenye meno na moja ya nyuma yake. Yeye zote alizipitisha mlango mmoja. Salim, fundi wetu wa mashine, ambaye ni mtu wa Mji wa Kale kindakindaki, alikuwa akizisikia zikichanganyika anainamisha kichwa kwenye wino asionekane anatabasamu.

Mimi kwetu ni Rabai. Nilikuwa nikikaa kaunta, napokea wateja na kusoma nakala za kwanza kabla hazijaenda kwa Salim. Kwa hiyo nilikuwa katikati, si mgeni kama Mnyapara wala si mwenyeji kama Salim, na mtu wa katikati huona mengi.

Neno ambalo Mnyapara alilipenda kuliko yote lilikuwa hewala. Asiyelijua, ndilo jibu la adabu la mtu wa hapa anapoagizwa jambo na mkubwa wake: ndiyo, nimesikia, na iwe unavyotaka. Ukimwagiza mtu naye akakuitikia hewala, huku ameinamisha kichwa kidogo, unajiona umekuwa mtu. Huko alikotoka watu walimjibu "sawa" au wakanyamaza. Hapa alipata hewala kila alipofungua mdomo, na mwanzoni aliila kama halwa.

Sitaki kumfanya malaika. Alipofika alizikuta desturi zetu zote na akazifaidi. Mnyapara alikuwa na kikombe chake ambacho hakuna mwingine aliyekinywea. Hakuna aliyeketi kabla hajaketi, wala aliyeondoka kabla hajaondoka, hata kama kazi imekwisha na watu wanatazamana. Mwanagenzi hakufundishwa, aliambiwa aibe kwa macho, na akiuliza swali alionekana mjinga mara mbili, kwa kutojua na kwa kuuliza. Na desturi kubwa kuliko zote ni kwamba sifa zilipanda na makosa yakashuka. Kazi ikiwa nzuri, Mnyapara hodari. Ikiharibika, anatafutwa wa chini kabisa, naye anaitikia hewala na kukatwa mshahara, akienda zake huku anajua siku moja atakuwa na wa chini yake. Tuliishi hivyo na tuliona ndiyo heshima.

Kilichomgeuza ni kadi ya harusi.

Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuja kuagiza kadi za harusi ya bintiye. Aliandika mwenyewe maneno, kwa mkono mzuri wa chuoni: nikahi itasomwa usiku wa Ijumaa, ya mwisho ya mwezi. Akaondoka. Mnyapara aliyasoma maneno yale akaona yamepungukiwa. Kadi bila ya tarehe ni kadi gani? Akatazama kalenda ukutani, akaitafuta Ijumaa ya mwisho, akaandika tarehe yake kwa kalamu nyekundu, akampa Salim apange.

Kwa watu wa hapa siku huanza jua likitua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni, wakati mtu wa bara bado yuko kwenye Alhamisi yake. Salim alijua. Mpiga gamu na mkata karatasi walijua. Waliitazama kadi ile, neno linasema Alhamisi na tarehe inasema Ijumaa, wakatazamana, na Mnyapara alipouliza kama iko tayari kwenda kwenye mashine wakasema hewala. Mimi siku ile nilikuwa Rabai kwenye matanga. Mzee mwenye harusi alipopelekewa nakala alisoma majina tu, kama wafanyavyo wenye harusi wote.

Basi nusu ya walioalikwa walifuata neno, na nusu wakafuata tarehe. Waliofuata neno walihudhuria, wakala biriani, wakaondoka. Waliofuata tarehe walikuja kesho yake jioni wamevaa wakapendeza, wakakuta masufuria yanaoshwa. Wengi walicheka, wakapewa soda, wakarudi makwao. Lakini mmoja wao alikuwa shangazi wa bibi harusi, aliyemlea yule binti tangu anyonye, na alikuwa amesafiri kutoka Nairobi akiwa na kadi yetu mkobani.

Alikuja karakana Jumamosi asubuhi. Mimi ndimi niliyempokea. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliiweka kadi juu ya kaunta, akailainisha kwa kiganja, akasema anataka kumwona aliyemwandikia tarehe ile. Tajiri alikuwepo. Aliposikia habari akauliza kwa sauti ya juu ni nani aliyeharibu kazi, na sote tulijua kinachofuata. Salim alikuwa ameshaacha mashine, ameshafuta mikono, amesimama mbele ameinamisha kichwa, tayari kubebeshwa. Mnyapara alitakiwa tu anyooshe ile rula.

"Mimi," Mnyapara akasema. "Niliiandika mimi. Sikujua maana ya usiku wa Ijumaa, na sikuuliza."

Sauti yake ilitetemeka, na rula nyuma ya mgongo ikawa inagonga kwenye mkanda wake. Nimeyaona mengi pale, lakini mnyapara akitetemeka mbele ya watu wa chini yake sikuwa nimeona. Yule shangazi alimtazama Mnyapara, kisha akamgeukia Salim.

"Na wewe, mwanangu, mtoto wa hapa hapa. Hukuliona?"

"Naliona, mama."

"Mbona hukunena?"

"Naliambiwa, nikasema hewala."

Mama yule akaichukua kadi yake akairudisha mkobani. Akasema, "Hewala haigombi, kweli. Lakini mimi imeninyima harusi ya mwanangu." Akaaga kwa salamu kamili, kama aliyekuja kututembelea, akaenda.

Sote tunaijua methali hiyo, kwamba mwenye kusema hewala hagombani na mtu. Tulikuwa tumeishi kwayo. Mnyapara alikaa siku nzima kwenye kiti chake hakugusa kahawa, na Jumatatu alitukusanya akatutangazia kwamba kuanzia siku ile hataki tena kusikia neno hilo. Mtu akiona kosa aseme.

"Hewala, Mnyapara," tukaitikia kwa pamoja.

Alicheka mpaka akakaa. Sisi hatukujua kinachochekesha. Hapo ndipo alipogundua kwamba hakuna amri ya kuwafanya watu wakupinge, kwani wakiitii wamekukubalia tu kama kawaida.

Akajaribu hila. Alianza kupenyeza makosa makusudi kwenye nakala ya kwanza, jina limepungua herufi, siku imegeuzwa, anaibandika ukutani, na mashine haiwashwi mpaka mtu amwambie kosa liko wapi. Tulikuwa tukipita mbele ya nakala ile kama watu wanaopita mbele ya mbwa aliyelala. Kazi zikachelewa. Wateja wakalalamika, Tajiri akaja akafoka kwamba alimleta mtu wa kuchapa, si wa kucheza mafumbo, na akamwambia wazi kwamba mambo yakiendelea hivyo kiti kile kitapata mtu mwingine. Mnyapara alinieleza siku moja, huku anakunja karatasi, kwamba anajua anaweza kufukuzwa. Lakini akasema hawezi tena kuongoza watu wasiomwambia kitu, maana ni kama kuendesha gari huku abiria wote wameambiwa wafumbe macho.

Aliyemtatulia ni Salim, na alimtatulia kwa kumbishia. Alimwambia, kwa upole wake wote, kwamba anayoyataka si mazuri. Mtu kumkosoa mkubwa wake mbele za watu ni ukosefu wa adabu, na adabu si nguo ya kuvuliwa mlangoni unapoingia kazini. Leo yeye Salim amkosoe Mnyapara, kesho mwanawe amkosoe yeye, na kesho kutwa nani atamwamkia nani? Mnyapara alitaka kujibu, akajizuia. Akamuuliza Salim: basi nyumbani kwao, baba akikosea, hakuna njia kabisa? Salim akafikiri. Akasema iko. Mtu huanza kwa kuomba radhi.

Ikawa hivyo. Tulikubaliana kwamba mwenye kuona kosa ataanza kwa "uniwie radhi," na akishasema hivyo lolote linalofuata ni adabu. Watu wa nje hawakuelewa. Mteja angeweza kusikia "uniwie radhi, Mnyapara" ikisemwa taratibu kabisa kutoka upande wa karatasi, halafu akashangaa kuona Salim anarukia swichi kuizima mashine kama nyumba inaungua. Mimi niliona ni jambo zuri sana, na bado naona. Hakuitupa mila, alitafuta ndani yake palipokuwa na mlango.

Lakini msidhani alifurahi. Mara ya kwanza Salim alipolitumia neno hilo kwa kosa la kweli, lisilopandwa, kulikuwa na wateja wawili kutoka kamati ya msikiti, na Mnyapara alikuwa akiwaeleza kwa fahari maana ya neno moja la Kiarabu kwenye mwaliko wao. Aliieleza sivyo. Salim akaomba radhi, akaieleza ndivyo. Wateja wakaitikia kwa kichwa. Mnyapara akasema ahsante, akachukua kofia yake, akatoka. Baadaye tulijua kwamba alikwenda kwa miguu hadi Feri, akasimama pale kati ya wachuuzi akila hindi la kuchoma na kutazama watu wakivuka kwenda Likoni, mpaka jioni. Kesho yake alifika mapema kuliko sote. Alimpa Salim mkono, akasema, "Niliomba mvua, Salim. Sasa imeninyea." Baada ya hapo alikinywea kahawa kikombe chochote kilichokuwa karibu.

Mtu huyu alikuwa na mambo yake. Aliyetaka kukosolewa juu ya kadi hakutaka kabisa kukosolewa juu ya chai. Aliipika mwenyewe, nyeusi, chungu, na aliyesema imezidi majani alinuniwa. Aliacha desturi ya watu kumsubiri aondoke, akatufukuza kwa mikono jioni kazi ikiisha, lakini ya asubuhi hakuiacha: ilikuwa lazima ampe kila mtu mkono na kumuuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja, na aulizwe yeye, hata kama mteja anangoja. Kijana mmoja aliwahi kumwambia kwamba hiyo nayo ni mila iliyopitwa na wakati. Akamjibu kwamba mtu usiyejua kama mtoto wake amelala na homa huwezi kujua kwa nini leo amekosea. Wanagenzi alianza kuwafundisha kwa mdomo, hatua kwa hatua, lakini kusifu hakujua. Kazi yako ikiwa safi kabisa aliitazama mbele na nyuma, akakohoa, akakupa nyingine. Binti yake, Mumbua, aliwahi kuniambia kwamba nyumbani alikuwa mnyapara hasa, wa bakora isiyoonekana, na kwamba haya ya kuombana radhi aliyasikia kwetu tu. Nilimwamini. Mtu hubadilika chumba kimoja kwa wakati mmoja, na pengine hamalizi nyumba nzima.

Alikuwa na misemo yake, mingine alijitungia. Mtu akikukubalia upesi, alisema, ujue hajakusikia. Kimya cha fundi ni ghali kuliko wino. Mwanagenzi akimwaga wino alimuuliza kwanza kama amejichafua, kisha akamwambia kwamba sakafu haina haraka. Sasa mimi huyasema hayo kwa vijana wangu, kwa sauti yake, nao wananiitikia sawa.

Aliondoka kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Ilianza na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, ndani ya kile kiatu cheusi cha kamba, akakificha, na alipokwenda hospitali kidonda kilikuwa kimeshapanda. Walimkata mguu. Tajiri akanipa mimi kiti, nami nilikikalia kwa furaha; nilidhani nimerithi pia yale mengine.

Kumbe hayarithiwi. Wale wa zamani walistaafu, na Salim sasa anapeleka mizigo kwa wateja. Nina vijana wenye kompyuta, wazuri, wepesi, na hawajui hewala ni nini. Hawaihitaji, wana "sawa, madam." Juzi juzi tulichapa majalada ya madaftari ya shule moja ya Ganjoni, na katika kupanga nikaigeuza nembo yao, ndege wa shule akawa anatazama nyuma. Yalitoka yote hivyo. Nilipomuuliza kijana aliyekuwa kwenye kompyuta kama hakuona, akasema kwa upole, "Niliona. Nikadhani unajua, madam." Nilishikwa na uchungu nikaingia stoo nikalia, si kwa ajili ya ndege. Nimewaambia kila asubuhi waseme wakiona kosa. Nimewaambia mpaka mdomo umekauka.

Ndipo nikaenda kumwona.

Mumbua alinipokea kwenye ngazi za nyumba yao ya gorofa. Alinishika mkono kabla hatujaingia akaninong'oneza nisiseme habari ya mashine. Hilo nililijua. Tajiri alikuwa ameiuza ile mashine kubwa, kwa sababu kadi siku hizi watu wanatumiana kwa simu na kazi iliyobaki inatosha mashine ndogo. Hakuna aliyemwambia Mnyapara. Waliokuja kutoka kanisani walimwambia atapona na kurudi kazini, wakasema amina. Waliotoka Mji wa Kale walisema inshallah. Salim alikuja kila Jumapili na kumwambia kwamba mashine inakwenda vizuri. Mumbua akasema, "Hilo ndilo linalomweka hai, dada. Usimwondolee."

Alikuwa kitandani karibu na dirisha, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Alinipa mkono, akaniuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja, mpaka mama yangu Rabai, nami nikamuuliza za kwake. Alikuwa amekonda sana. Nilikuwa nimekuja na swali langu mdomoni, lakini yeye alitangulia.

"Nikipata mguu wa bandia narudi, Kadzo. Hata kwa wiki chache. Kuna mlio kwenye rola ya chini ambao Salim hausikii. Mnaitia mafuta?"

Mumbua alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Alinitazama. Neno lililotakiwa lilikuwa dogo tu, kila mtu alikuwa ameshalitoa, na ningelitoa hata mimi, kwa mapenzi. Nilimpenda mzee yule. Nikaona mikono yangu inatetemeka nikaikalia.

"Hapana, Mnyapara," nikasema. "Hutarudi. Mashine imeuzwa."

Sinia iligonga meza. Yeye hakushtuka. Aliangalia dirishani kidogo, kisha akaniangalia mimi.

"Najua," akasema. "Salim anakuja hapa kila Jumapili na kucha zake safi kama za karani. Mtu wa mashine hana kucha hizo."

Nikamuuliza mbona basi hakusema kwamba anajua.

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniheshimu."

Mumbua alianza kulia. Baba yake akamwambia avute kiti naye akae, tena akamwambia kwa sauti ya upole ambayo, nilivyomwona Mumbua alivyogeuka, hakuwa ameizoea. Kisha akaniuliza kama mimi huko kazini wananiambia nikikosea. Nikasema hawaniambii, nimewaamuru na hawaniambii. Akatikisa kichwa kwa kile kicheko chake cha siku ile ya Jumatatu, sasa kimebaki pumzi tu.

"Wamekuona ukitetemeka?"

Nikasema hapana.

"Watu hawamwambii ukweli mtu ambaye hawajamwona akitetemeka. Wataanzia wapi?" Kisha akaniomba nimwinue, nimtilie mto mgongoni, na alipokaa vizuri akaweka viganja vyake juu ya shuka, kama alivyokuwa akiviweka juu ya meza ya kukatia karatasi kabla ya kazi kuanza. "Haya. Mashine yangu. Ilipitaje kwenye ule mlango?"

Mlango wa karakana yetu ni mwembamba, wa mawe, na mashine iliingizwa kabla ukuta haujajengwa. Mumbua alinitazama tena. Nilitamani nimwambie ilitolewa nzima.

"Haikupita," nikasema. "Waliivunja. Walikuja na nyundo, wakaanza na gurudumu kubwa."

Alifumba macho. Nikadhani nimemaliza.

"Endelea," akasema.